Tusome Orodha Yote

Katika midahalo yetu husemwa mara nyingi kwamba chama kikiongozwa na mwanamke, basi haki ya wanawake imekwisha kupatikana. Mimi ni msichana wa miaka 17, na mwakani nitatimiza umri wa kupiga kura. Kwa hiyo jambo hili lanihusu, na napenda kulipima kwa mfano wa nchi ya Ujerumani.

Wanawake wa Ujerumani walipata haki ya kupiga kura mwaka 1918. Januari 1919 walichaguliwa 37 kuingia katika Baraza la Taifa, na mwezi uliofuata Marie Juchacz akawa mwanamke wa kwanza kuhutubia humo. Lakini Bunge lililochaguliwa Novemba 1933, chini ya Hitler, lilikuwa la wanaume watupu. Haki iliyokwisha kupatikana yaweza kupotea.

Twende katika siku zetu. Mwaka 2013 wanawake walikuwa kama 36 katika kila wabunge 100 wa Ujerumani. Mwaka 2017 walishuka wakawa kama 31. Je, Wajerumani waliwachukia wanawake ghafula? La. Mjerumani hupiga kura mbili: moja ya mtu wa jimbo lake, nyingine ya chama chenye orodha ya majina. Chama cha Kijani kimejiwekea kanuni ya kuwapa wanawake angalau nusu ya nafasi katika orodha zake. Mwaka 2017 chama cha AfD kiliingia Bungeni mara ya kwanza, kwa viti 94. Hiki ni chama cha mrengo wa kulia, kinachojiita sauti ya mwananchi wa kawaida dhidi ya wakubwa, na kinachopinga uhamiaji. Chakataa pia kutenga nafasi za wanawake. Chasema kila mtu apimwe kwa uwezo wake. Wabunge wake wanawake walikuwa kama mmoja tu katika kumi. Wala si chama hicho peke yake: CDU na CSU navyo vilikuwa na mwanamke mmoja katika watano hivi.

Mwaka 2025 mgombea ukansela wa AfD alikuwa mwanamke, Alice Weidel. Chama kilipata viti 152, lakini wanawake walioingia hawakufika mmoja katika wanane. Hapo ndipo hoja ya midahalo yetu inapoanguka.

Hoja ya uwezo ni nzito, nami siidharau. Mimi pia nisingependa kupewa nafasi kwa kuonewa huruma. Lakini nauliza: je, akili imegawiwa wanaume saba kwa mwanamke mmoja? Matokeo ya mitihani darasani kwetu hayasemi hivyo. Kama orodha yasema hivyo, hapana budi tumtazame aliyeiandika.

Kwetu Tanzania, Katiba imeweka viti maalum vya wanawake, ili idadi yao isianguke upepo wa siasa ukigeuka. Hilo ni jambo jema, ingawa ningefurahi zaidi kuwaona wengi wakisimama majimboni.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria za uzazi na mirathi zatugusa sisi wasichana, nasi tungependa wenye kuzijua wawepo zinapotungwa. Basi siku yetu ya kura ikifika, tusitazame sura iliyo mbele tu. Tusome orodha yote, hata jina la mwisho.