Usiku Wangu Sasa Una Mlinzi

Naishi Makongeni, Thika, na riziki yangu ni cherehani. Nina kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini. Kilinipata nikiwa shule ya upili. Tangu hapo sindano ndiyo uhai wangu, na sindano hiyo hiyo ikizidi kidogo, au nikila kidogo kuliko nilivyopanga, sukari hushuka.

Asiyeyapitia haya ni vigumu kuijua hofu yake. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) mchana, mikono hutetemeka, jasho hutoka, unakoroga glukosi ya unga kwa maji, unakunywa, kisha unapima tena baada ya dakika 15. Usingizini onyo hilo laweza kukupita. Tena mtu akishukiwa na sukari mara kwa mara kwa miaka, mwili huzoea na kuacha kuonya hata akiwa macho. Ndivyo ilivyonipata. Asubuhi moja majirani walivunja mlango wangu, wakanikuta nimelowa jasho, silijui hata jina langu.

Toka siku hiyo mama, aliye Ruiru, alikosa usingizi. Alikuwa akinipigia saa nane usiku, na simu isipojibiwa aliwaza mabaya, naye hana gari la kumleta Thika saa hizo. Wengi wetu tukifika hapo hulala na sukari ya juu makusudi. Usiku unapita salama, lakini deni hulipwa na macho na figo.

Msaada ulitoka kwa binamu yetu anayefanya kazi Ujerumani. Alinitumia kihisi: kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari katika majimaji yaliyo kati ya seli. Kwa siku 14 kinatuma namba kwenye simu yangu kwa Bluetooth, bila waya. Kijana mmoja anayejua mambo ya simu aliniwekea xDrip+, programu huria isiyolipiwa, akaiunganisha na Nightscout, mfumo unaozionyesha namba hizo mtandaoni. Basi namba inayotoka mkononi mwangu Thika, mama anaisoma Ruiru.

Nightscout ilizaliwa na uchungu kama wa mama yangu. Mwaka 2013 huko Marekani, John Costik, mhandisi wa programu ambaye mwanawe mdogo alikuwa na kisukari, alitaka kuziona namba za mtoto akiwa kazini. Kihisi cha wakati ule kilizionyesha kwenye kifaa chake tu. Akaandika programu ya kuzitoa humo na kuzipeleka mtandaoni. Wazazi na wahandisi wengine wakaungana naye, na kazi yao wakaitoa bure kwa yeyote. Hawakungoja makampuni.

Usiku mmoja sukari ilishuka. Simu yangu ililia, sikuisikia. Ya mama ikalia pia. Akampigia jirani niliyemwachia ufunguo, naye akanikuta ningali naweza kumeza. Nilipokunywa glukosi, mama alibaki kwenye simu akiutazama mshale unaoonyesha sukari inakoelekea, mpaka ukageuka. "Inapanda," akaniambia. "Sasa lala, mwanangu."

Faida haikuishia usiku. Zamani nilipohama kliniki, faili langu halikunifuata; tulianza upya kama mgonjwa mgeni. Sasa daktari anaiona grafu ya wiki mbili kwenye simu yangu. Aligundua kwamba sukari yangu hushuka karibu na alfajiri, akanipunguzia insulini ya jioni. Namba hizi ni zangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inanipa haki ya kuzipata na kuzihamisha. Mimi ndiye ninayechagua wa kuziona: mama, jirani, daktari.

Kihisi si kitu cha kupatikana kirahisi. Binamu akikosa cha kunitumia, narudi kuchoma kidole, napiga picha ya mashine kabla ya kulala na kumtumia mama kwa WhatsApp. Bando likiisha, jirani hunibishia mlango. Na kwa kuwa kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, mwili ukisema tofauti na simu, napima kidole kwanza.

Serikali naiomba ifikishe vihisi kwenye hospitali za umma, ianzie kwa watoto. Nawe unayeishi na kisukari peke yako chumbani, usifiche namba zako. Hata kama huna kihisi, leo jioni mtumie mmoja unayemwamini picha ya kipimo chako, mweleze afanye nini usipojibu simu, na ufunguo wa akiba umpe aliye karibu.