Moyo Unaochafuka

Tangu mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi, madaktari wa jimbo la Jiangsu, Uchina, wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, kundi baada ya kundi. Baadhi yao hupangiwa Mkoani, Pemba, katika Hospitali ya Abdalla Mzee, na kuna siku hubeba masanduku ya dawa wakaenda shamba.

Huko linalowatoa jasho ni neno. Bibi akisema moyo unamchafuka, mkalimani mwenye pupa hutaja moyo, na daktari akaweka kipimo kifuani. Kumbe bibi ana kichefuchefu. Na kichomi je? Na chango? Hayo hata sisi wenyeji hubishana maana yake, seuze mgeni wa miezi mitatu.

Kichocho, ajabu, hakikuwapa taabu hiyo. Jiangsu nayo iliteswa nacho miaka mingi, ingawa chao ni cha tumbo na cha Pemba ni cha mkojo. Wataalamu wao walipoanza kazi vijijini mwaka 2017, walijua pa kuanzia: madimbwini, kwa konokono. Damu katika mkojo wa mtoto haihitaji mkalimani.

Moyo wa bibi unahitaji. Daktari hukaa hadi siku moja, kabla mkalimani hajafumbua kinywa, mkono wake ukaenda wenyewe tumboni, na bibi akatikisa kichwa kukubali. Kwa kawaida siku hizo ndizo za kufunga mizigo. Mwenzake anayeshuka bandarini Mkoani ataanza tena kifuani.