Kutoka vocha hadi simu ya mkopo

Vodacom ilipoanza kazi nchini Tanzania mwaka 2000, na Celtel mwaka uliofuata, mitandao iliuza kitu kimoja tu: muda wa maongezi. Ulikuwa ghali, nasi tukajifunza kubip. Mara moja ni salamu, mara tatu mfululizo kuna jambo. Pale Sirari, mpakani na Kenya, watu walitembea na laini mbili, ya Tanzania na ya Safaricom, kwa sababu biashara ilikuwa pande zote za mpaka.

Kisha zikaja simu za tochi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ilitufaa hasa sisi wa vijiji visivyo na umeme. Mwenye duka la kuchaji alibandika kipande cha plasta nyuma ya kila simu, akaandika jina la mwenyewe kwa kalamu, zisije zikachanganyika.

Wakati huo fedha tulitumiana kwa vocha. Ndugu aliye Mwanza alikwangua, akatusomea tarakimu kwa simu, na muuza duka wa Mugumu akatupa taslimu baada ya kukata chake. Tulikuwa tumekwisha kuigeuza vocha kuwa fedha kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008. Kuanzia hapo kampuni zikaacha kutegemea maneno peke yake; zikatoza ada kila fedha zinapotumwa na kutolewa.

Hayo ndiyo mageuzi ninayoyathamini kuliko yote. Mama yangu aliuza ulezi mnadani miaka mingi, na fedha zilifika nyumbani zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi na wengine. Alipopata laini yake, alifunika simu kwa khanga kila alipobonyeza namba ya siri, hata mbele yangu mwanawe. Ada za shule za wadogo zangu zilitoka humo.

Baadaye Tecno na itel zilileta simu za bei nafuu zenye nafasi ya laini mbili, yaani suluhisho la lile lile tulilokuwa tukihangaika nalo mpakani. Intaneti ikaingia, na tukaanza kununua bando.

Leo vijana wa bodaboda Tarime wanachukua simu janja kwa mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku. Ukichelewa, simu inajifunga. Kwa dereva anayepigiwa na wateja, simu ikifungwa na kazi imesimama, naye hana pa kupata fedha za kuifungua.

Siukatai mkopo, maana umewapa simu wasioweza kulipa kwa mkupuo. Lakini muuzaji amwambie mteja jumla atakayolipa hadi mwisho, kwa Kiswahili chepesi, kabla hajaweka saini. Na simu iliyojifunga iendelee kupokea na kutoa fedha. Mama alihangaika sana kupata mahali pa kuweka fedha pasipofunguliwa na mwingine. Wajukuu zake wasirudishwe kule.