Usinitumie Barua Ambayo Siwezi Kuijibu

Leo sina stori za kamera wala vile ya kupata wafuasi. Leo naongea kuhusu imeli. Ndiyo, imeli. Najua wengi wenu mko na ile anwani mlifungua mkiwa kidato cha nne, na ukiichungulia saa hii utapata jumbe elfu tisa hujasoma. Lakini mwaka huu wote, sehemu kubwa ya kodi ya keja yangu imelipwa na nyusleta. Kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Kuna mama mmoja ana duka la vifungashio karibu na River Road. Anauza vikombe vya karatasi, mifuko ya khaki, sanduku za keki, makopo ya kubebea chakula. Hauzii mtu anayetaka kikombe kimoja. Anauzia hoteli, waoka keki, shule na wale wanapikia watu kwa harusi. Yaani wateja wake nao ni wafanyabiashara. Aliona video zangu, akanipigia: "Kijana, unaweza kuniandikia ile kitu hutumwa kwa imeli kila mwezi?" Nikamwambia naweza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeandika hata moja maishani. Lakini ukishaacha chuo mwaka wa tatu, jibu la kila swali la kazi huwa ni "naweza."

Sasa sikia venye niliharibu.

Mama alikuwa na wateja kama tisini ambao imeli zao zilikuwa kwa daftari la oda. Mimi nikaona tisini ni aibu. Nikatafuta jamaa fulani anauza orodha za anwani, nikampa thao mbili, akanipa anwani 1,500 za "kampuni za Nairobi." Nikazichanganya zote. Halafu nikaandika barua yangu ya kwanza. Juu kulikuwa na kichwa cha herufi kubwa, OFA KABAMBE, na alama tatu za mshangao. Chini yake, "Mteja Mtukufu, tunayo furaha isiyo kifani kukutangazia..." Picha nne. Bidhaa kumi na mbili. Historia ya duka. Salamu za msimu. Nikaituma Ijumaa saa kumi na moja jioni, wakati kila mtu wa ofisi ameshabeba begi anakimbilia matatu.

Jumatatu ile programu ya kutuma ilikuwa imefunga akaunti yetu. Watu walikuwa wameripoti barua yetu kama takataka, na anwani mob za yule jamaa hazikuwepo kabisa.

Hiyo haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuja Alhamisi. Kuna shule huagiza kwa Mama kila muhula. Wiki hiyo alikuwa ametuma kotesheni yao kwa imeli ileile ya duka, kama kawaida. Ikaangukia kwa folda ya spamu. Mhasibu wa shule hakuiona, akanunua kwingine. Oda ya shilingi 38,000 ikaenda hivyo.

Nilienda dukani kuomba msamaha. Mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliendelea kuhesabu vikombe, kisha akasema, "Hawa watu tisini nimewatafuta miaka kumi na moja. Wewe umewachanganya na watu hata hawanijui." Mwezi huo alinilipa nusu. Sikuwa na mdomo wa kubishana.

Baadaye nikasoma vitu ambavyo nilifaa kusoma mwanzo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka upate idhini ya mtu kabla ya kutumia data yake kwa biashara. Kwa hivyo ile orodha ya thao mbili haikuwa ujanja, ilikuwa makosa. Na tangu Februari 2024, Google inataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wathibitishe kuwa ni wao kweli, waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Yaani watu watatu kati ya elfu moja. Sisi hatutumi nyingi hivyo, lakini hiyo hesabu inakuonyesha vile hawa watu hawana mchezo. Ukichafua jina la anwani yako, hata zile barua za maana zitazikwa na zile za upuuzi.

Nilianza upya na simu. Nikachukua daftari la Mama, nikapigia wateja mmoja mmoja. Niliwauliza maswali mawili: ungependa tukutumie imeli, na ungependa tukuambie nini? Watu 64 walisema sawa. Wengine walikataa, na hiyo ni haki yao. Mteja si kuku ati utamwita na mahindi.

Mazungumzo yaliyonifungua macho ni ya dada mmoja anayenunulia hoteli vitu. Nilimuuliza mbona asipate tu habari zetu kwa WhatsApp kama watu wote. Akanijibu: "WhatsApp naangalia, lakini siwezi nunua nayo. Mimi nikitaka kuagiza, bosi lazima aone, halafu mhasibu atoe LPO. Nitumie kitu naweza kumtumia bosi vile ilivyo, bila kumweleza."

Maze, hapo ndipo nilielewa hii kazi. Mtu anayejinunulia viatu anajiuliza, "Nimevipenda?" Mtu anayenunulia biashara anajiuliza, "Nitamwambia nini bosi?" Barua yako husomwa na watu wawili au watatu, na wa mwisho kuisoma ndiye ana pesa. Huyo hakujui, hajawahi kukusikia, na hana wakati wa furaha yako isiyo kifani.

Basi barua ya pili ilikuwa hivi. Kichwa: "Vikombe vya ml 250 vitapanda bei tarehe 1." Ndani:

"Habari za asubuhi. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, katoni ya vikombe vya karatasi vya ml 250 itatoka shilingi 3,200 iwe 3,500, kwa sababu anayetuletea amepandisha. Ukiagiza kabla ya Ijumaa saa kumi jioni utalipa bei ya zamani. Bei za sanduku za keki na mifuko ya khaki zimebaki vilevile. Kuagiza, jibu imeli hii utuambie unataka katoni ngapi. Tutakutumia kotesheni leo."

Chini kulikuwa na jina la Mama, namba ya duka, na njia ya kujiondoa. Basi. Haifiki maneno mia. Hakuna picha. Tulituma Jumanne saa tatu asubuhi kwa wale 64. Kufikia jioni watu 11 walikuwa wamejibu, na saba kati yao waliagiza.

Angalia ile barua tena. Kichwa kinasema jambo lenyewe, kwa hivyo hata asiyeifungua ameshapata habari. Ina jambo moja. Ina sababu, kwa maana bosi lazima atauliza "kwa nini imepanda?" Ina tarehe na saa. Inasema pia kile ambacho hakijabadilika, ndiyo mtu asianze kuwa na wasiwasi na bei zingine. Na inakwambia ufanye kitu kimoja tu. Yule dada wa hoteli aliituma kwa bosi wake bila kuongeza neno.

Barua iliyojibiwa zaidi ya zote haikuwa hata na ofa. Ilikuwa ya eTIMS. Tangu Januari 2024, ukitaka KRA ikubali gharama ya biashara yako wakati wa kuhesabu kodi, kwa kawaida lazima uwe na ankara ya eTIMS. Waoka keki wengi walikuwa wananunua, wanatupa risiti, halafu mwisho wa mwaka wanalia. Tukawaandikia: tutumie PIN ya KRA ya biashara yako mara moja, na kila ukinunua tutaiweka kwa ankara. Tulipata majibu 23. Hapo hatukuwa tumeuza hata kikombe. Lakini mtu akishakupa PIN yake iwekwe kwa faili lako, unafikiri akitaka sanduku za keki ataanza kutafuta wapi?

Kitu kingine: usilewe na ile namba ya "waliofungua." Tangu 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za imeli yenyewe hata kama mwenyewe hajaisoma, na hiyo inahesabiwa kama amefungua. Mimi siku hizi nahesabu majibu na oda. Zile namba zingine ni za kujipaka mafuta.

Na kuna mwezi hatukuwa na la kusema. Nikamwambia Mama tusitume. Akaniangalia. "Sasa nakulipa ya nini?" Swali zuri, na nilitoka jasho. Nikamwambia mwezi huo nitapigia wateja ambao hawajaagiza kwa muda, nijue kwa nini. Akakubali, lakini kwa shingo upande. Bado naamini nilikuwa sawa. Ukituma barua tupu mara mbili, ya tatu haifunguliwi hata kama ina dhahabu.

Lakini sheria ambayo siwezi kuivunja ni hii: barua itoke kwa anwani ambayo mtu anasoma. Hiyo sikuifundishwa na kitabu chochote.

Nikiwa chuoni, mwaka wa tatu, nilipata imeli. "Mwanafunzi Mpendwa." Jina langu halikuwepo. Ilisema nina salio la karo na nisipolipa kwa siku kumi na nne sitafanya mtihani. Mathe alikuwa ameahidiwa pesa ya chama miezi miwili mbele. Nikaandika jibu refu, la heshima, nikaeleza kila kitu, nikaomba hiyo miezi miwili. Nililisoma mara nne kabla ya kulituma. Baada ya sekunde chache likarudi: anwani hii haipokei ujumbe. Nikaenda ofisini, nikaambiwa tuma imeli.

Siwezi sema niliacha chuo kwa sababu ya imeli. Niliacha kwa sababu ya karo, na pia nilikuwa nimechoka. Mathe bado huniuliza nitarudi lini, na bado sina jibu la kumpa. Lakini ile hisia ya kuandika kwa moyo wako wote halafu ujue hakuna mtu upande wa pili, sitaki mteja wa Mama aipate kutoka kwangu.

Ndiyo maana kila barua yetu inaisha na sentensi moja: "Ukijibu, tutasoma." Na tunasoma kweli. Wiki iliyopita mwoka keki mmoja alijibu barua ya bei: "Sinunui kwa sasa. Nimefunga, mtoto amelazwa. Lakini msinitoe kwa orodha." Nilimwonyesha Mama. Aliisoma, akavua miwani, akachukua simu yake na kutoka nje ya duka. Walikaa kwa simu karibu nusu saa.

Hiyo sijui ningeihesabu wapi. Haikuwa oda. Lakini kama wewe ni kijana kama mimi na kuna mtu amekuuliza kama unaweza kumwandikia nyusleta, sema unaweza. Halafu kabla hujaandika neno lolote, muulize swali moja: wateja wakijibu, nani atasoma?