Aliyeanguka Wakati wa Misa

Katika Injili ya Marko, sura ya nane, Yezu anawatazama watu waliokaa naye siku tatu, na kinachomgusa kwanza ni njaa yao. Anajua kwamba chakula kimewaishia na kwamba baadhi yao wametoka mbali, naye anahofia kuwaacha waende hivyo hivyo, kwani nguvu zitawaishia njiani. Mahubiri mengi hukimbilia mikate saba na vikapu vya mabaki. Sisi tungependa leo tubaki kidogo kwenye hofu ile. Bwana aliogopa kwamba watu watazimia. Hakudhani kwamba jambo hilo ni dogo mno kwake.

Tunawaandikia, vijana wa Xaveri, wa Kiro na wa makundi mengine ya parokia, juu ya dada yetu mkubwa. Tutamwita Yaya, kama sisi wadogo zake watatu tulivyomwita tangu utoto. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia, akatuomba tu tuliache jina lake.

Yaya anaishi Ubelgiji kwa miaka mingi. Kabla ya upasuaji alikuwa amefikia kilo 131. Hapa Bukavu, kila alipokuja likizo, unene huo ulisifiwa kuwa alama ya raha na ya mume mwema; hakuna aliyehesabu vidonge vya presha na vya kisukari alivyomeza kila asubuhi, wala kuona jinsi alivyoshika ukuta akipanda ngazi. Waganga wa huko walimshauri apunguzwe tumbo. Walilikata wakabakiza mfuko mdogo usiofikia ukubwa wa yai la kuku, kisha wakauunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hata chakula kikawa kinaipita sehemu kubwa ya tumbo bila kuingia ndani yake. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa alipungua kilo 48. Kisukari kilitulia, magoti yakapona. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba upasuaji wa namna hiyo ni urembo wa wenye fedha. Kwake yeye ulikuwa tiba.

Lakini alilificha jambo hilo. Alikuwa na haya ya kusema kwamba alihitaji kisu ili apunguze kula, kana kwamba unene ni dhambi ya ulafi na kukonda ni toba. Basi alipofika nyumbani amekonda, watu walijaza wenyewe nafasi ya maneno yaliyokosekana. Kwetu mtu akikonda haulizwi amefanya nini; watu huulizana kimoyomoyo anaumwa nini, au nani amemroga.

Dominika ya pili ya Kwarezima alilala kwa shangazi yetu, karibu na kanisa. Saa moja asubuhi shangazi alimwandalia mgeni wake kama inavyopasa: kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari, na sahani ya mandazi. Mgeni mwema hakatai. Misa ilianza saa mbili na nusu. Tulipokuwa tumesimama kwa ajili ya Nasadiki, tuliona jasho likimtiririka, mikono ikimtetemeka. Tukamwuliza kitu, akajibu maneno yasiyohusiana, kisha akaanguka katikati ya mabenchi.

Mnajua kinachofuata, maana mmekiona makanisani kwetu. Watu walimzunguka mpaka hewa ikakosekana. Mmoja alitaka kummiminia maji mdomoni, mwingine akamwekea mikono kichwani akaanza kuamuru pepo litoke. Aliyemsaidia kweli ni mwanakwaya mmoja, muuguzi, ambaye hakupaza sauti. Aliwasogeza watu, akamlaza chali, akainua miguu yake juu ya benchi, akalegeza kitambaa cha kiunoni, akakataza mtu yeyote asimpe kitu mdomoni kabla hajazinduka. Wakati huohuo alimtuma kijana mmoja kwenye kituo cha afya cha parokia kuleta kipimo cha sukari. Tone moja la damu ya kidole lilionyesha 46, hali chini ya 70 tayari huhesabiwa kuwa sukari imeshuka. Yaya alipoweza kumeza, alipewa maji yenye sukari kidogo, na baada ya robo saa yai la kuchemsha, ili sukari isipande ghafula na kushuka tena.

Wengi walishangaa. Amekunywa chai yenye sukari vijiko vinne, itakuwaje sukari imshukie? Yaya mwenyewe alitueleza jioni ile, akiwa amejilaza, na mganga alithibitisha kesho yake. Tumbo letu la kawaida ni ghala lenye mlinzi: hupokea chakula na kukiachia utumbo kidogo kidogo. Mlinzi akiondolewa, kitu kitamu hutumbukia utumboni chote mara moja. Kwa baadhi ya watu waliopasuliwa hivyo, taabu huanza nusu saa haijapita: utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu, moyo hudunda, tumbo husokota, kizunguzungu huja. Kwa wengine taabu hungoja saa moja, mbili, hata tatu. Sukari imepanda kwa kasi katika damu, mwili umeshtuka na kumwaga insulini kupita kiasi, na insulini hiyo inaishusha sukari chini ya mahali pake. Yaya hakuanguka kwa njaa. Aliangushwa na kifungua kinywa.

Mganga aliona na jambo la pili. Kidonge chake cha presha kilipimwa kwa ajili ya mwili wa kilo 131, naye alikuwa amebaki na kilo 83. Akiwa amelala, presha yake ilikuwa ya wastani. Akisimama, ilishuka upesi. Kusimama muda mrefu katika kanisa lililojaa na lenye joto kuliongezea uzito jambo lililokwisha kuanza. Kidonge kikapunguzwa. Damu yake pia ilipimwa, kwa kuwa tumbo lililopitwa hivyo halipokei vema chuma na vitamini B12, na upungufu wa damu nao huleta kizunguzungu. Ndiyo sababu atameza vitamini maisha yake yote. Tena aliambiwa jambo ambalo familia nyingi hazilijui: aliyepasuliwa hivyo akitapika siku baada ya siku, kisha akaanza kuyumba anapotembea au kuona vitu viwiliviwili, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu ni kukosa vitamini B1, na kuchelewa huharibu ubongo.

Hatari kubwa, hata hivyo, haikuwa imepita. Jumatatu walikuja nyumbani ndugu watatu wa kundi la maombi, watu wema, tunaowapenda. Walisema wameonyeshwa kifungo juu ya Yaya, na kwamba lazima afunge siku tatu kavu, bila chakula wala maji, ili afunguliwe. Na Yaya akakubali! Ilikuwa rahisi kwake kuitwa mwenye pepo kuliko kuitwa mwanamke aliyekatwa tumbo. Mfuko mdogo kama wake hupokea maji kwa mafunda tu; hunywa siku nzima, kidogo kidogo, apate lita moja na nusu. Akikaa siku tatu bila maji, hawezi kuyafidia kwa kunywa mitungi jioni ya siku ya tatu. Tulikataa mbele yao, kwa heshima lakini bila kulegea, kisha tukamwomba Yaya tuende kwa paroko.

Padri alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akafungua Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 1252 inawapa wajibu wa kufunga waliotimiza miaka 18, hadi wanapoanza mwaka wa 60, na siku zenyewe ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa hadaiwi afya aliyopungukiwa. Ile saa moja kabla ya Komunyo, iliyowekwa na Papa Paulo VI mwaka 1964, haivunjwi na maji wala dawa, na kanuni ya 919 inawaachilia wagonjwa na wanaowauguza hata wakiwa wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Babu zetu walifunga tangu usiku wa manane, na wengine walizimia. Kanisa liliona, likabadili. Kisha padri akamkumbusha Eliya, aliyelala chini ya mti akitamani kufa, na malaika aliyemletea mkate na maji kabla ya kumwambia lolote juu ya safari.

Yaya alitoka pale akawaita wale ndugu watatu, akawaambia yote, hata kilo zake. Wawili walilia pamoja naye. Wa tatu bado anaamini kwamba lilikuwa pepo; tunaendelea kusali naye Rozari kila Jumatano.

Vijana wapendwa, baadhi yenu mnafunga katika mafungo ya kiroho, na baadhi, hasa wasichana, mnaacha kula kwa sababu nyingine msizomwambia mtu, pamoja na dawa za kukondesha zinazouzwa sokoni bila jina la aliyezitengeneza. Mkianza kuona giza mkisimama, kaeni chini mara moja, hata katikati ya mageuzo. Mungu hachukizwi na mtu aliyekaa. Na mwenzenu akianguka, mpeni nafasi, mlazeni, miguu juu. Akitapika mgeuzeni ubavu. Asipozinduka upesi, au akilalamika kifua, mkimbizeni kwa mganga. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anawaweka sala na mganga katika ukurasa mmoja bila kuwagombanisha. Pombe nayo tusiisahau: glasi moja ya kasiksi, ambayo mjomba huimaliza akicheka, humpanda Yaya kichwani upesi kuliko alivyozoea zamani, basi kwenye arusi asishurutishwe.

Jumatano ya Majivu mwaka huu alitupigia simu kutoka Brussels. Asubuhi alikuwa amekula yai lake na kipande kidogo cha mkate mweusi, akapokea majivu adhuhuri. Badala ya kufunga chakula amefunga kuzungumza juu ya miili ya watu, iwe minene au myembamba, mpaka Pasaka, na anasema ni kazi ngumu kuliko alivyodhani. Kisha akaomba simu apewe shangazi. Shangazi siku hizi ana chupa mbili za chai mezani, moja imefungwa uzi mwekundu shingoni kuonyesha kwamba haina sukari, na wageni wote huulizwa kwanza.