BUSTANI YA TIVOLI NA HESABU YA KADI YA MWAKA

Msafiri atokaye katika stesheni kuu ya reli ya mji wa Copenhagen, nchini Denmark, hahitaji kuuliza sana njia ya kwenda Tivoli. Akivuka barabara moja tu atakuwa amefika kwenye ukuta wa bustani hiyo, na kutoka ng'ambo ya ukuta atasikia vicheko vya watoto, muziki wa bendi na ngurumo za vigari vikipita juu ya reli ya mbao. Bustani nyingi kubwa za burudani duniani zimejengwa mbali na miji, mahali penye ardhi ya bei nafuu. Tivoli iko katikati ya mji, jirani na ukumbi wa manispaa, na watumishi wa ofisini hupita mlangoni pake kila jioni warudipo nyumbani. Ujirani huo ndio unaoamua kama kadi ya mwaka ya bustani hiyo ni mali au ni hasara.

Bustani ya Tivoli ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Mwanzilishi wake alikuwa Georg Carstensen, Mdenishi aliyezaliwa mwaka 1812 katika mji wa Algiers, Afrika ya Kaskazini. Alipata idhini ya Mfalme Christian wa Nane, akapewa sehemu ya ardhi nje ya lango la magharibi la mji, mahali palipokuwa sehemu ya ngome. Ngome hiyo imekwisha kutoweka, lakini ziwa dogo lililomo ndani ya bustani ni mabaki ya handaki la maji lililochimbwa ili kumzuia adui. Hivyo, mahali palipotengwa kwa ajili ya vita pamekuwa pa kupumzikia raia.

Mambo ya kutazama humo ni mengi. Iko reli ya mbao ya mwaka 1914, inayopanda na kushuka kama milima. Katika kila msafara wa vigari vyake huketi mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kukaza na kulegeza breki kwa mkono, kama ilivyofanywa zamani. Iko mashine ya mwaka 2006 inayowazungusha watu angani, kwenye viti vilivyoning'inizwa kwa minyororo, kwa kimo cha mita 80 hivi. Upo ukumbi wa michezo wa mwaka 1874, ambao pazia lake limetengenezwa mfano wa mkia wa tausi. Wachezaji wake huigiza bila kusema neno, hata mgeni asiyejua Kidenishi huelewa na kucheka pamoja na wenyeji.

Askari na jamaa zao huenda wakavutiwa zaidi na gwaride la vijana wa Tivoli. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1844. Watoto na vijana huvaa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya kwa kuwaiga walinzi wa mfalme, wakapita njiani wakipiga ngoma, filimbi na matarumbeta. Usiku unapoingia, taa za rangi zaidi ya laki moja huwashwa penye miti, majumba na kando ya ziwa.

Wadenishi huipenda bustani hiyo kama kitu chao wenyewe. Mwezi wa Juni 1944, nchi yao ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, watu waliowaunga mkono wavamizi waliilipua na kuichoma moto. Ukumbi wa muziki uliteketea pamoja na majengo mengine. Wenyeji hawakukata tamaa. Walijenga vibanda vya muda, na bustani ikafunguliwa tena baada ya muda mfupi. Ukumbi mpya wa muziki ulifunguliwa mwaka 1956.

Baada ya kuyaona hayo, mtu mwenye familia hukutana na swali penye dirisha la tiketi: je, alipe kiingilio cha siku moja, au anunue kadi ya mwaka mzima? Kadi huonekana kuwa ya nafuu, kwa maana bei yake hugawanyika katika siku nyingi. Lakini wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali, na busara ni kufanya hesabu kabla ya kufungua mfuko.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika Tivoli kiingilio cha lango ni kitu kimoja, na malipo ya kupanda mashine ni kitu kingine. Kadi ya kawaida ya mwaka humfungulia mtu lango tu. Akitaka kupanda vigari na bembea, hana budi kulipia kila safari, au kununua pasi ya kupanda zote. Mzazi anayefikiri kwamba amekwisha kulipa yote atashangaa pale watoto watakapomvuta mkono kuelekea kwenye mashine. Tena, kwa kuwa lango ni bure kwake, ataingia mara nyingi zaidi, na kila akiingia atanunua aiskrimu, soda na safari mbili tatu za vigari. Kwa njia hiyo kadi iliyonunuliwa ili kuokoa fedha huweza kuongeza matumizi ya nyumba.

Jambo la pili ni hesabu ya vichwa. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba tiketi ya lango ni kroner 100, na kadi ya mwaka ni kroner 350. Mwenye kadi hajapata faida mpaka aingie mara ya nne. Familia ya watu wanne, wote wakilipa sawa, itatoa kroner 1,400. Ikiwa mama na watoto wawili wanakwenda mara sita, kadi zao zimewafaa sana. Lakini ikiwa baba ana zamu za kazi, naye amekwenda mara mbili tu, kadi yake imemtia hasara ya kroner 150. Ingekuwa heri alipe mlangoni. Kadi za namna hii huandikwa jina la mwenyewe, wala haziazimwi kwa jirani. Kwa hiyo kila mtu ahesabiwe peke yake. Familia isinunuliwe kadi kwa jumla kama gunia la mahindi. Mtumishi anayeweza kuhamishwa kituo wakati wowote apaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwani kadi haihami pamoja naye.

Jambo la tatu ni maana ya neno mwaka. Tivoli haifunguliwi siku zote 365. Msimu wake mkubwa huanza majira ya kuchipua na kuendelea hadi mwisho wa kiangazi. Baadaye hufunguliwa kwa kipindi kifupi mwezi wa Oktoba, kisha kwa ajili ya Krismasi, na tena kwa muda mfupi mwezi wa Februari. Kati ya vipindi hivyo malango hufungwa. Tena ziko dharura zisizotazamiwa: mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ufunguzi wa msimu ulicheleweshwa.

Huko Marekani wenye kadi walipatwa na jambo kubwa zaidi. Walt Disney aliitembelea Tivoli mwaka 1951, na mwaka 1955 akafungua Disneyland yake katika mji wa Anaheim, jimbo la California. Bustani hiyo ilifungwa mwezi wa Machi 2020, na mwezi wa Januari 2021 mpango wake wa kadi za mwaka ukafutwa kabisa, ingawa wenye kadi waliostahili walirudishiwa sehemu ya fedha zao. Ulipoanzishwa mpango mpya mwezi wa Agosti 2021, mwenye kadi alitakiwa kuomba nafasi ya siku kabla ya kwenda, na kadi za bei ya chini zilizuiwa kutumika siku nyingi zenye watu wengi. Hilo ni funzo kwamba masharti ya kadi yasomwe mpaka mwisho, hasa orodha ya siku ambazo haifanyi kazi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kadi ni udanganyifu. Kwa mkazi wa Copenhagen afikaye Tivoli kwa miguu au kwa baiskeli, kadi ni kitu cha thamani. Mwenye tiketi ya siku moja hujiona ana deni la kulilipa: hukimbia huku na huku tangu asubuhi hadi usiku, watoto wakachoka na kulia, naye akarudi nyumbani amevunjika miguu. Mwenye kadi aishiye karibu huingia saa moja tu baada ya kazi, akatazama gwaride, akaketi chini ya taa pamoja na mkewe, na mvua ikinyesha akaenda zake bila kunung'unika. Yeye hakununua mashine wala michezo. Amenunua mahali pa kupumzikia jioni zake. Lakini aishiye mwendo wa saa tatu kwa treni hana jioni hizo. Kila safari yake ina nauli na chakula, na nauli ikizidi bei ya lango, kadi haimwokoi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwananchi wa Afrika Mashariki apitaye Copenhagen kwa siku chache, kwa masomo mafupi, mkutano au kumwona jamaa, hahitaji kadi ya mwaka. Tiketi ya siku moja yamtosha, achague jioni moja nzuri ya kiangazi. Anayekaa huko mwaka mzima, nyumba yake ikiwa karibu na mji, aweza kuifikiria.

Kipimo bora kwa kila mtu ni cha zamani na rahisi. Mtu asihesabu mara anazotamani kwenda, maana kipya kinyemi, na tamaa ya siku ya kwanza hupoa upesi. Ahesabu mara alizokwenda kweli mwaka uliopita. Kama hakwenda hata mara moja, alipe kwanza tiketi ya siku, arudi mara ya pili na ya tatu. Miguu yake ikizoea njia ya bustani, hapo fedha zake na zifuate.