Mashini mpya, vidole vya zamani

Mkulima akipewa jembe jipya, halitumii kwanza kama lilivyotoka dukani. Atalishika, atapima mpini wake, atauchonga mpaka ulingane na mkono. Hakuna atakayemcheka, maana mkono wake unajua shamba kuliko fundi aliyefua jembe.

Sisi wapima-ardhi tunalo jembe letu, ndilo mashini ya kuhesabu. Tuko watatu wa kazi moja, na kwa miaka mingi tulitumia ile iitwayo HP 48G, iliyotoka mwaka 1993. Sasa haitengenezwi tena, na za kwetu zimechakaa: vidude vingine havisikii kidole, kioo kimefifia. Basi tumepata mpya, HP Prime, ya ukoo ule ule, iliyotoka mwaka 2013. Kioo chake kina rangi na kinasikia kidole. Inachora grafu upesi, nayo hujazwa umeme kama simu. Ni mashini nzuri. Lakini siku ya kwanza vidole vyetu vilipotea ndani yake kama mgeni sokoni.

Sababu ni nini? Mashini mpya imetengenezwa kwanza kwa wanafunzi. Unaandika hesabu kama ilivyo katika kitabu cha shule, kisha unabonyeza Enter, nayo inatoa jawabu. Sisi hatukulelewa hivyo. Tulifundishwa kutaja hesabu kwanza, na kazi ya kufanya baadaye. Kwa mfano, 3 na 4 zijumlishwe, 5 na 6 zijumlishwe, kisha majumla hayo mawili yazidishwe. Mwanafunzi ataandika mabano mara mbili. Sisi tunabonyeza: 3, Enter, 4, jumlisha, 5, Enter, 6, jumlisha, kisha zidisha. Jawabu ni 77, wala hakuna mabano hata moja. Hesabu zinapangwa moja juu ya nyingine kama sahani mezani, na kila alama inachukua sahani mbili za juu na kurudisha moja. Faida yake ni hii: unaona jawabu la kila hatua kwa macho yako. Kosa likiingia, unalikuta mlangoni, halijafika chumbani.

Desturi hii si ya jana. Jan Łukasiewicz, mtu wa Poland, alivumbua katika miaka ya 1920 namna ya kuandika bila mabano, akiweka alama mbele. Baadaye wengine waliigeuza, wakaweka alama nyuma. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ikatoa HP-35, mashini ya kutia mfukoni iliyofanya hata hesabu za pembe. Bei yake ilikuwa dola 395, nayo haikuwa na kidude cha alama ya «sawasawa». Wahandisi wengi wakaacha rula zao za kuhesabia. Tangu hapo wako watu duniani ambao vidole vyao vinafikiri kwa njia hiyo, na sisi tumo.

Haya, tulichongaje mpini? Unabonyeza Shift, kisha kidude chenye picha ya nyumba, na mipango yote inafunguka. Mahali pa namna ya kuandika pana njia tatu: ile ya kitabu cha shule, ile ya mstari mmoja, na ile yetu iitwayo RPN. Tukachagua RPN, na mara vidole vikarudi kwao. Kisha tukapanga hesabu zionyeshwe kwa tarakimu 3 baada ya nukta, maana katika kazi yetu tarakimu ya tatu ni milimita; zinazofuata ni kelele tu. Herufi tukazifanya kubwa, sababu macho nayo yana umri. Lugha tukaweka Kifaransa, ndiyo tuliyosomea hesabu.

Lakini jambo lililotutia woga ni pembe. Kwetu pembe hupimwa kwa digrii. Mashini ilikuwa katika radiani. Tuliijaribu kwanza kwa hesabu tunayojua jawabu lake, kama mama anavyoonja chumvi kabla ya kupakua. Tukaiuliza sinus ya 30. Kila mpima-ardhi anajua kwamba ni nusu. Mashini ikajibu -0.988. Hapo tukajua.

Sikilizeni sasa kwa nini jambo hili ni kubwa. Watu wanataka kujenga daraja la miti juu ya mto. Tunasimama ukingoni mkabala na mti wa ng'ambo, tunatembea mita 10 kandokando ya maji, tunapima pembe: digrii 45. Upana wa mto ni mita 10 kamili. Lakini mashini iliyo katika radiani itajibu mita 16 na sentimita 20. Tazameni ubaya wake! Ingejibu mita elfu, au hesabu yenye alama ya kutoa, kila mtu angecheka na kuikataa. Mita 16 si jambo la kuchekesha. Iko mito mingi ya mita 16. Watu watakata miti mirefu bure. Na kama si daraja bali ni mpaka wa mashamba, jiwe litasimama ndani ya shamba la jirani, na watoto wa watoto watagombana juu ya kidude kimoja ambacho hawakukiona. Uwongo unaofanana na kweli ndio unaoua.

Tena mashini hii ina mtego mwingine. Kila kazi iliyomo ndani yake inaweza kuwa na mpango wake wa pembe, na mpango huo unashinda ule wa nyumba kuu wakati kazi hiyo imefunguliwa. Kwa hiyo haitoshi kupanga mara moja na kwenda kulala. Tazama juu ya kioo kila unapoanza kazi.

Tena mambo mengine hayachongeki. Katika sehemu ile inayohesabu kwa herufi, njia ya RPN haikubaliwi. Hapo mzee lazima aandike kama mwanafunzi. Na programu ndogo tulizoandika kwa miaka mingi katika mashini ya zamani haziingii katika mpya, sababu lugha yake ni nyingine. Tulisikitika, halafu tukakaa jioni kadhaa tukaziandika upya, moja moja. Katika kuziandika tuligundua kwamba mbili hazikuwa na faida tena. Kumbe kuhama nyumba kunafagia nyumba.

Yuko pia kijana anayejifunza kazi kwetu. Siku moja alitaka kufanya hesabu, akashika mashini, akabonyeza, akashangaa. Akasema: «Baba, mashini yenu inasema kinyumenyume.» Tulicheka, lakini neno lake lilitufikirisha. Chombo kilichochongwa kwa mkono wa mmoja kinaweza kumwumiza mwingine. Yeye hana kosa, na mashini haina kosa. Ni mipango tu isiyotajwa. Basi tulikata kipande cha karatasi, tukaandika: «RPN, digrii, tarakimu 3», tukakibandika ndani ya kifuniko. Chini yake tukaandika: «Kabla ya kazi, uliza sinus ya 30.» Kijana akitaka njia ya kitabu, abadilishe bila woga, kisha arudishe kama alivyokuta. Naye tumemfundisha njia yetu. Ataipenda au ataiacha, shauri lake.

Ndugu msomaji, labda wewe huna mashini ya namna hii. Lakini unayo mizani dukani, au cherehani, au simu, au pampu ya dawa ya kahawa. Ikija mpya, usione haya kuilinganisha na mkono wako. Lakini ijaribu kwanza kwa jambo unalolijua hakika, nawe uandike ulivyoipanga, ili atakayeishika baada yako asipotee.